Jicho na Sikio Dukani

Fedha za mtu wa kipato kidogo huingia polepole na kutoka upesi. Mtu aliyeuza mbuzi wawili Voi, au ndizi zake Taveta, au kabichi alizozipalilia kwa mgongo wake mwenyewe juu ya vilima vya Taita, aweza kuyatoa yote kwa robo saa mbele ya kioo king'aacho dukani. Kwa sababu hii nimeona yafaa nikuandikie, msomaji, habari za kuchagua televisheni yenye kioo kikubwa na bei ndogo. Huenda leo huna fedha za kununulia. Walakini nyumbani kwenu wewe ndiwe usomaye maandishi ya masanduku, na siku baba au mama atakapokwenda dukani, wewe ndiwe utakayeitwa usimame kando yake. Siku hiyo neno lako litakuwa na uzito wa jasho la watu wengine.

Unafuu wa bei si aibu, wala si dalili ya udanganyifu. Lakini kitu kikubwa kikiuzwa kwa bei ndogo, hapana budi pana mahali palipopunguzwa. Inchi hazipunguzwi, maana zaonekana hata kwa mtoto. Hupunguzwa yale ambayo mnunuzi hana desturi ya kuyapima: nguvu ya nuru, rangi zilizo kivulini, wepesi wa kioo kufuata kitu kiendacho mbio, na zaidi ya yote, sauti. Kioo cha inchi 43 chaweza kupatikana kwa chini ya shilingi 30,000, na kingine cha inchi hizo hizo kikauzwa zaidi ya mara mbili ya fedha hizo. Tofauti hiyo imekwenda wapi? Hilo ndilo swali la kwenda nalo dukani.

Ujue kwanza inchi zenyewe ni nini. Inchi moja ni sentimita 2.54, na kioo hupimwa kutoka pembe moja ya chini hata pembe ya juu iliyo mkabala nayo, wala si kwa upana wake. Kioo cha inchi 43 kina upana wa sentimita 95 hivi. Cha inchi 55 kina sentimita 122 hivi. Mwanafunzi wa hesabu atatambua ya kuwa inchi 12 zilizoongezeka si kitu kidogo, kwa maana eneo la kioo cha pili ni zaidi ya mara moja na nusu ya eneo la cha kwanza. Eneo hilo lote lataka kuangazwa kwa taa zilizo nyuma ya kioo, na taa ni gharama. Ndiyo maana, kwa bei iliyo sawa, kioo kikubwa zaidi mara nyingi huwa hafifu kuliko mwenzake mdogo.

Duka la televisheni ni mahali palipotengenezwa kwa jicho lenye haraka. Kila kioo kimewekwa katika hali ya duka, yaani nuru imepandishwa hadi mwisho na rangi zimekolezwa mpaka majani ni mabichi kuliko majani yote ya Wundanyi baada ya masika. Filamu ionyeshwayo humo ni ya maua, samaki wa matumbawe, na miji ya mbali wakati wa usiku. Hapana mtu asemaye katika filamu hiyo. Hapana mpira upigwao. Hapana uso wa mtu aliyesimama chini ya mwembe. Mambo yote ambayo televisheni dhaifu haiyawezi yamekwisha kuondolewa kabla hujakanyaga kizingiti. Umwombe muuzaji kwa adabu akitoe kioo katika hali ya duka, akiweke katika hali ya kawaida au ya sinema, kisha akuonyeshe chaneli ya hapa kwetu mchana huo huo. Muuzaji mwema hatakataa. Nimewakuta vijana wengi wa maduka ya Voi ambao walifurahi kuulizwa, maana nao wamechoka kutazama samaki.

Mimi huenda na flashi mfukoni, yenye picha nilizozitia mwenyewe. Moja ni picha ya mama yangu akiwa jikoni, naye amepigwa nuru ya mlango mmoja tu, moshi ukipita nyuma yake. Naipenda kwa sababu za mwana kwa mzazi wake, lakini dukani ni kipimo kikali. Katika kioo chema naona mfupa wa shavu, makunyanzi ya kando ya jicho, na mpaka kati ya nywele zake na ukuta mweusi kwa masizi. Katika kioo kibaya uso wote umekuwa doa moja, likabaki jicho na kilemba. Katika kioo kingine rangi yake imegeuka kuwa nyekundu kama vumbi la Tsavo. Weusi una ngazi nyingi, nayo televisheni iliyopunguzwa huruka ngazi hizo mbili mbili au tatu tatu. Kwa watu wenye nyuso kama zetu, hasara hiyo si ndogo.

Jambo hili lina historia. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea karakana za kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, ili mafundi wasawazishe rangi kwa kuitazama ngozi yake. Kadi hizo ziliitwa kwa jina Shirley. Mtu mweusi aliyepigwa picha siku zile alitoka vile alivyotoka. Ilikuwa miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Televisheni ya leo haitengenezwi kwa kadi ya Shirley, lakini kila chombo cha rangi husawazishwa na jicho la mtu fulani likitazama kitu fulani. Basi wewe ukisawazishe cha kwako kwa uso uujuao. Hapana aijuaye rangi ya mama yako kuliko wewe.

Picha nyingine katika flashi yangu ni nyeusi tupu, na nyingine nyeupe tupu. Ile nyeusi haionekani vyema chini ya taa za duka, kwa hiyo mimi hujifunika leso kichwani pamoja na pembe ya kioo, kama walivyofanya wapiga picha wa zamani na kitambaa chao. Watu hucheka, lakini ndipo nionapo kama nuru inavuja pembeni mwa kioo mithili ya alfajiri mahali ambapo pangekuwa usiku. Ile nyeupe huonyesha mawaa, na nukta zilizokufa.

Sasa niseme juu ya nukta, maana hapo ndipo masanduku yanapojivuna. Kioo kiitwacho 4K kina nukta 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, jumla 8,294,400. Ni nyingi kweli. Lakini picha ya kipimo cha kawaida, ambayo bado hutumika katika matangazo mengi, ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Ugawe namba ya kwanza kwa ya pili utapata 20 kamili. Maana yake, katika kila nukta 20 za kioo, moja imetoka kituoni na 19 zimekisiwa na televisheni yenyewe. Kukisia huko ni kazi ya akili, na akili ya mashine nayo ina bei. Nimeona kioo cha 4K cha bei ndogo kikiitandaza sura ya msomaji wa habari mpaka ikawa kama nta iliyokaribia moto, na kando yake kioo cha nukta chache zaidi kikimwonyesha akiwa mtu. Kwa hiyo utazame matangazo utakayoyatazama nyumbani, wala usihukumu kwa herufi za sandukuni.

Wepesi wa kioo hupimwa kwa mpira. Tarehe 10 Agosti 2025, Kenya ilipoifunga Moroko bao 1-0 uwanjani Kasarani katika mashindano ya CHAN, bao likatiwa na Ryan Ogam, mimi nilikuwa Voi katika hoteli moja yenye kioo kipana. Kelele zilizopigwa sitazisahau. Lakini kila mpira ulipopigwa kwa nguvu uliburuta mkia kama kimondo, na wazee waliokaa nyuma walikuwa wakiuliza ni nani aliyenao. Sanduku la televisheni laweza kuwa na namba 120 au kubwa kuliko hiyo, na kioo chenyewe kikawa kinabadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde. Namba ile ni jina la ufundi fulani wa kulainisha, si hesabu ya kioo. Ukikosa mpira dukani, tazama maandishi yapitayo chini ya habari. Kama yasomeka bila kukunja uso, kioo hicho kitafuata na mchezaji.

Usikubali pia kutazama ukiwa umesimama katikati peke yake. Nyumbani kwetu watu hukaa kando ya kuta, na watoto huketi mkekani karibu na mlango. Viko vioo, viitwavyo VA, vyenye weusi mzuri, lakini rangi zao hupauka ukivitazama kwa upande. Na viko viitwavyo IPS ambavyo hukubali kutazamwa kwa upande, lakini usiku wao ni kijivu. Mwenye chumba chembamba achukue kile cha kwanza, mwenye jamaa nyingi achukue cha pili. Tena jua la Voi halina huruma. Mlango ukiwa wazi saa nane mchana, kioo hafifu hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia.

Nimekwisha kusema mengi juu ya jicho, na bado sijafika katika jambo lililonifanya niandike.

Televisheni nyingi zilizoingia Kenya baada ya utangazaji wake kuanza mwaka 1962 zilikuwa masanduku mazito yenye matumbo makubwa. Ubaya wao ulikuwa mwingi, lakini tumboni mlikuwa na nafasi ya kipaza sauti kilichoelekea mbele, kwa mtu. Kioo cha leo ni chembamba, tena kadiri kinavyokuwa chembamba ndivyo tunavyokisifu. Vipaza sauti vyake ni vidogo, vimebandikwa nyuma au chini, navyo husema na ukuta au na meza. Sauti huja kwako baada ya kugonga mahali pengine. Wasifu wa sanduku utakuambia wati 16 au 20. Elewa ya kuwa kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na hizo kwa sikio ni ongezeko dogo. Wati si uwazi. Vipaza sauti vya bei rahisi vilivyoandikwa PMPO na namba za maelfu uvipite kama upitavyo mganga wa sokoni.

Baba yangu mzazi alifanya kazi ya reli mpaka alipostaafu, naye anaishi katika miteremko ya Sagalla. Tulipokuwa wadogo alitusomea gazeti kwa sauti, akisimama kila aya kutoa hukumu yake. Miaka michache iliyopita alianza desturi mpya. Saa ya habari ilipofika aliinuka, akasema anakwenda kutazama mbuzi, na mbuzi walikuwa wamekwisha kufungiwa. Dada yangu ndiye aliyegundua ya kuwa mzee huondoka watu wanaposema na hurudi mpira unapoanza. Alipoulizwa alijibu, "Mwanangu, nawasikia wakisema, lakini maneno hayanifikii."

Maneno yale yana elimu ndani yake. Uzee aghalabu huanza kuchukua sauti nyembamba na kuziacha zile nene. Irabu ni nene, hubaki. Konsonanti kama s, f, sh na t ni nyembamba, nazo ndizo ziondokazo. Mtu wa namna hii akiambiwa kata, pata, au tata, husikia a mbili na pengo mahali pa maana. Ukimpandishia sauti unampandishia irabu, mpaka zamuumiza, na pengo liko pale pale. Televisheni yenye vipaza sauti duni humfanyia kijana wa miaka 15 mambo hayo hayo, ila kijana hujaza mapengo kwa kukisia na hajui ya kuwa anakisia. Mzee amechoka kukisia. Huondoka akaenda kwa mbuzi.

Baba aliuza mbuzi wawili katika hao, dada na mimi tukaongeza, tukapata shilingi 38,000. Shemeji yangu alitaka tutafute kioo cha inchi 55 cha bei ya kutupwa, maana jirani ana 50. Sikumlaumu, kwa kuwa ukubwa ni heshima, na heshima nayo ni haja ya mtu. Lakini tulikwenda Voi asubuhi mapema, kabla malori ya barabara ya Mombasa hayajajaza mji kelele na kabla maduka ya jirani hayajafungulia muziki. Kijana wa dukani alianza, "Mwalimu, hii ndiyo mpya, ona rangi." Nikamwambia, "Rangi nimeziona, kijana wangu. Tafadhali mpe mzee kiti."

Mzee aliketi hatua nne kutoka kwenye vioo, akavipa mgongo. Televisheni nyingine zote zilizimwa. Kijana akafungulia habari katika kioo kimoja, kwa sauti ya kawaida, na baba akatakiwa arudie asikiacho. Katika kile cha inchi 55 alipata neno moja moja, kama mtu aokotaye punje. Katika kimoja cha inchi 43 alipata sentensi nusu nusu, na nilipogusa mgongo wa kioo kwa kiganja nikahisi plastiki ikitetemeka. Huko kutetemeka ndiko kulikokuwa kukiyala maneno. Kisha kijana, ambaye sasa alikuwa amependezwa na mchezo huu, akaleta kipaza sauti kirefu cha kuwekwa mbele ya kioo, akakiunga kwa waya katika tundu la HDMI lililoandikwa ARC. Habari ikaendelea. Baba alirudia sentensi ya kwanza yote, na ya pili. Ya tatu hakuirudia. Alianza kubishana na msomaji wa habari.

Dada yangu alitoka nje akasimama kidogo barabarani.

Tulinunua kioo cha inchi 43 pamoja na kipaza sauti kile, tukabakiwa na nauli. Nami bado ni wa hukumu hiyo: mwenye fedha za kioo kikubwa tu, achukue kioo kidogo zaidi na sauti yake. Kumbuka pia ya kuwa nyumba zetu nyingi zimeezekwa mabati, na mvua ya vilima ikianza kupiga, sauti ya televisheni tupu haina mahali pa kukimbilia. Ukipima sauti, fumba macho. Chagua mazungumzo yenye muziki chini yake, si muziki peke yake, maana muziki husamehe mengi. Panda polepole hadi robo tatu ya nguvu usikie kama inakwaruza.

Yaliyobaki ni mepesi. Kenya ilimaliza kuzima mitambo ya zamani ya analogi mwaka 2015, na utangazaji wake wa kidijitali ni wa namna ya DVB-T2. Televisheni iliyo na herufi hizo hupokea chaneli za bure kwa antena tu, bila king'amuzi cha pembeni. Lakini katika Taita kilima chaweza kusimama kati yako na mtambo. Walio mbele ya Vuria na milingoti yake hupata picha safi. Walio nyuma ya mgongo wa kilima huona picha ikiganda vipande vipande, nao huilaumu televisheni isiyo na kosa. Katika dijitali hapana ile chuya ya zamani: picha huja nzima, au huvunjika, au haiji. Mtu wa bonde lenye kivuli ahesabu gharama ya dishi kabla hajachagua inchi. Vilevile umeme wetu hupanda na kushuka, kwa hiyo shilingi mia chache za kifaa cha kuulinda zitengwe kabla ya safari.

Mwisho, sanduku lifunguliwe pale pale, kioo kile kile mtakachokichukua kiwashwe, na hati ya dhamana ipigwe mhuri na kuandikwa tarehe mbele yenu. Wakati wa kusafiri kioo kisilazwe, kwa sababu hakina mfupa wa kati, na shimo moja la barabara latosha kukipasua bila sanduku kuonyesha alama. Kisimame kama mishale iliyochapwa inavyoelekeza, na mtu mmoja akishike katika zile kona za kupanda Wundanyi. Kondakta akitaka kuegemeza gunia la viazi juu yake, alipwe nauli ya kiti cha pili.